Toleo la beta, demo na kiashiria ulichojitengenezea: kipi kinapima nini?

Katika magrupu ya WhatsApp na Telegram ya matreda wa forex, kuna mwaliko wa aina moja unaozunguka mara kwa mara. Kampuni fulani ina jukwaa jipya la biashara, bado liko kwenye beta, linakuruhusu kuandika viashiria vyako mwenyewe, na linatafuta watu wa kulijaribu. Maswali hufuata papo hapo. Beta ndiyo demo? Nikijaribu nalipwa? Kiashiria changu kikifanya vizuri humo, nikihamishie kwenye akaunti yenye pesa? Majibu yanayotolewa hupingana, na kila mjibuji ana uhakika. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakiweka akiba yao juu ya jibu lisilo sahihi, ndiyo maana naona jambo hili linastahili kufunguliwa polepole, kuanzia chini.

Jukwaa la biashara ni programu inayokuletea bei za soko kutoka kwenye seva ya dalali, kuzichora kwenye chati, na kupeleka maagizo yako ya kununua na kuuza. MetaTrader ndiyo inayojulikana zaidi kwetu. TradingView nayo ina wafuasi wengi kwa ajili ya chati zake.

Kiashiria ni hesabu inayofanywa juu ya bei zilizokwisha kupita, kisha matokeo yake yakachorwa. Hakina siri nyingine. Chukua bei za kufunga za siku tano: 10, 11, 12, 13 na 14. Wastani wake ni 12. Siku ya sita bei ikifunga 17, ile 10 ya mwanzo inatoka, na wastani unakuwa 13.4. Ukiunganisha namba hizo kwa mstari, umepata wastani unaosogea, kiashiria cha kwanza ambacho karibu kila treda hufundishwa. RSI, iliyotolewa na J. Welles Wilder mwaka 1978, ni hesabu ya namna hiyohiyo yenye hatua chache zaidi: inalinganisha ukubwa wa siku za kupanda na ukubwa wa siku za kushuka, ikakupa namba kati ya 0 na 100.

Kiashiria cha kujitengenezea ni kile ambacho hakikuja na programu. Wewe, au mtu uliyemlipa, mmekiandika kwa lugha ambayo jukwaa linaielewa. MetaTrader 4 hutumia MQL4, MetaTrader 5 hutumia MQL5, TradingView ina Pine Script, na TradeStation ya Marekani ina EasyLanguage. Lugha hizi hazifanani, na kiashiria kilichoandikwa kwa moja hakifanyi kazi kwenye nyingine mpaka kiandikwe upya.

Sasa beta. Hili ni toleo ambalo watengenezaji wamelijenga karibu lote na kulijaribu wenyewe, halafu wakalitoa kwa watu wa nje kabla ya kulitangaza rasmi. Wanalitoa kwa sababu hawawezi kuwa na kompyuta za kila aina, intaneti za kila kasi na viashiria vya kila mtu. Wanataka lishindwe mikononi mwako leo, wakati bado wanaweza kulirekebisha, kuliko lishindwe baadaye likiwa limebeba pesa za watu.

Mkanganyiko unazaliwa kwa sababu majaribio matatu tofauti hufanyika kwenye kioo kimoja. Ukifungua toleo la beta, kwa kawaida utaingia kwa akaunti ya demo, na ndani yake kuna sehemu ya kuendesha kanuni zako kwenye data za miaka iliyopita. Mtu anafanya yote matatu katika jioni moja na kuyaita yote kujaribu. Lakini beta inapima programu. Data za nyuma zinapima kanuni yako dhidi ya historia. Demo inakupima wewe na kanuni hiyo kwenye bei za leo, bila pesa halisi.

Fikiria mizani ya dukani. Mkaguzi wa Wakala wa Vipimo akija, huweka juu yake jiwe ambalo uzito wake unajulikana, akaangalia kama mizani inasema ukweli. Hapimi kama sukari ya duka hilo itauzika. Duka linaweza kuwa na mizani sahihi kabisa na bado likafungwa kwa hasara. Mtu anayejaribu beta ni mkaguzi wa mizani, na kiashiria chake ni jiwe analopimia. Lazima awe anajua uzito wa jiwe hilo kabla hajaliweka.

Kushindwa kushika tofauti hiyo ndiko kunakozaa imani kwamba beta ikitoa faida basi kiashiria ni kizuri, au kwamba beta ikitoa hasara basi programu ni mbovu. Kiashiria kibaya kinaweza kuchorwa kwa usahihi kamili, na kizuri kinaweza kuharibiwa na hitilafu ya programu. Faida na hasara hazikwambii lipi kati ya hayo limetokea. Mjaribu wa beta anauliza swali jingine: namba ninayoiona hapa ndiyo namba inayopaswa kuwa hapa?

Kwa nini viashiria vya kujitengenezea husumbua zaidi

Vile vinavyokuja na programu huandikwa na watu walewale walioijenga, nao huvirekebisha kila wanapobadilisha kitu. Kiashiria chako hakina ulinzi huo. Kimeandikwa kwa kutegemea tabia za toleo fulani, nyingine ambazo hata mwandishi hakujua kwamba anazitegemea.

MetaTrader yenyewe inatupa historia nzuri ya jambo hili. Oktoba 2009 kampuni ya MetaQuotes ilifungua beta ya MetaTrader 5 kwa umma, na toleo rasmi likatoka Juni 2010. Kulikuwa na lugha mpya, MQL5, na mamilioni ya mistari ya MQL4 iliyokuwa imeandikwa kwa miaka mitano haikuweza kuhamia huko bila kuandikwa upya. Ugumu haukuwa katika majina ya amri pekee. Katika MQL4, mshumaa (alama ya chati inayoonyesha bei za kipindi kimoja, kama saa au siku) namba sifuri ni huu wa sasa, na ukihesabu kwenda mbele unarudi nyuma kwenye historia. Katika MQL5, mwandishi asipotaja mwelekeo anaoutaka, mara nyingi orodha ya bei huanzia upande wa pili, sifuri ikiwa mshumaa wa kale kuliko yote. Mtu aliyenakili hesabu yake bila kuangalia mwelekeo alipata kiashiria kilichosoma mwaka wa kwanza wa data akidhani kinasoma leo. Mstari ulichorwa, rangi zilikuwepo, hakuna ujumbe wa kosa uliotokea. Hitilafu za namna hii zinanitia wasiwasi kuliko zile zinazoiangusha programu, kwa sababu programu ikianguka kila mtu anaona.

Mwaka 2014 likaja wimbi jingine. MetaTrader 4, kuanzia bildi 600 (bildi ni namba ya toleo la programu), ilifanyiwa mabadiliko makubwa ili MQL4 ikaribiane na MQL5. Viashiria vingi vya zamani vikakataa kukompailiwa, yaani kugeuzwa kutoka maandishi kuwa programu inayoendeshwa, au vikasimama katikati ya kazi. Sababu moja ilikuwa hii: zamani, kiashiria kikiomba namba iliyo nje ya orodha, kwa mfano mshumaa wa 1,001 wakati kuna 1,000 tu, lugha ilinyamaza na kuendelea. Bildi mpya, msimbo ukikompailiwa kwa hali yake kali (strict), ililitaja hilo kuwa kosa kubwa na kukisimamisha kiashiria palepale. Matreda wengi waliona kwamba sasisho limeharibu kazi yao. Ukweli ni kwamba makosa yalikuwemo siku zote, ila sasa yalifichuliwa. Mjaribu wa beta hukutana na hali hii mara nyingi, na inabidi awe tayari kukubali kwamba jiwe lake ndilo lenye ufa.

Namba ileile, majibu mawili

Mtu mgeni hudhani RSI ni RSI popote. Tuihesabu tuone.

Tuseme katika siku 14 wastani wa kupanda ni 0.6 na wastani wa kushuka ni 0.4. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, unapata 1.5. Fomula ya Wilder inasema 100 toa 100 gawanya kwa 2.5, yaani 60. Siku inayofuata bei inapanda kwa 2.5. Sasa inabidi wastani usasishwe, na hapa ndipo njia zinapogawanyika. Wilder huchukua wastani wa jana mara 13, huongeza thamani ya leo, kisha hugawanya kwa 14. Ukifanya hivyo RSI inakuwa 66.5. Lakini mwandishi mwingine anaweza kutumia wastani wa kielelezo (EMA) wa kawaida, unaoipa siku ya leo uzito wa 2 gawanya kwa 15. Yeye atapata 71.1.

Treda anayetumia mstari wa 70 kama dalili kwamba bei imepanda kupita kiasi atauza kwa kiashiria cha pili, na kwa cha kwanza atakaa kimya. Soko ni lilelile, siku ni ileile, jina juu ya chati ni lilelile. Hakuna programu iliyokosea hesabu. Zimechagua fomula tofauti. MACD, kiashiria kinachotokana na tofauti ya wastani mbili za bei, nayo ina hadithi kama hiyo: ile inayokuja na MetaTrader hutumia wastani wa kawaida kwenye mstari wake wa ishara, wakati majukwaa mengi mengine hutumia wastani wa kielelezo. Kila mwezi kuna mtu anayelinganisha MACD za programu mbili na kuripoti hitilafu ambayo si hitilafu.

Kwa hiyo kabla ya kuipeleka tofauti yoyote kwa watengenezaji, ihesabu mwenyewe. Chukua bei za kufunga za mishumaa thelathini au arobaini, zitoe kwenye programu na kuziweka kwenye Excel, andika fomula, linganisha. Ni kazi ya saa moja au mbili na haihitaji ujue lugha ya programu. Kumbuka tu kwamba RSI ya Wilder inabeba kumbukumbu ya siku zote zilizotangulia, hivyo ukianza na data chache namba zako zitatofautiana kidogo na za chati hata kama fomula ni ileile. Kwa RSI, basi, arobaini hazitoshi: ipe nafasi ya kutulia, hata mishumaa mia mbili au zaidi, kabla hujalinganisha. Hii ndiyo tofauti ambayo huwachanganya hata wanaojua.

Tofauti ndogo nayo isidharauliwe. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha faharasa yake, yaani namba moja inayofuatilia bei za hisa zake kwa pamoja, Januari 1982 ikiwa 1,000. Kila muamala ulipoingia, kompyuta ilikokotoa upya, na badala ya kukadiria desimali ya tatu ilikata tu zilizobaki. Kilichopotea kila mara kilikuwa kidogo sana, lakini hesabu ilifanyika karibu mara 3,000 kwa siku. Kufikia Novemba 1983 faharasa ilionyesha takriban 525 wakati soko halikuwa limeporomoka hivyo. Ilipohesabiwa vizuri ilikuwa takriban 1,099. Kwa miezi ishirini na kitu watu waliangalia namba hiyo kila siku. Kiashiria chako kikijilimbikiza kwa kuongeza kidogo kila mshumaa, kiache kikimbie siku kadhaa bila kukizima, kisha kifungue upya kando yake na uone kama vyote viwili vinasema namba moja.

Mshumaa ambao haujafunga

Ikiwa kuna jambo moja ningetaka kila mtu anayenunua viashiria Telegram alijue, ni hili.

Mshumaa wa mwisho kwenye chati haujaisha. Kwenye chati ya saa moja, kuanzia dakika ya kwanza mpaka ya sitini, bei yake ya kufunga ni bei ya sasa tu, na inabadilika kila bei mpya inapoingia. Kiashiria kinachousoma mshumaa huo kinaweza kuonyesha mshale wa kununua dakika ya 12, ukafutika dakika ya 31, ukarudi dakika ya 50, na ukatoweka kabisa saa ilipofunga. Aliyenunua dakika ya 12 ameingia kwa mshale ambao kesho hautakuwepo kwenye chati. Anayeangalia historia anaona mishale iliyobaki pekee, hivyo kiashiria huonekana bora kuliko kilivyokuwa. Matreda huita tabia hii kujichora upya.

Kuna namna kali zaidi. Kiashiria kwenye chati ya saa moja kinaweza kuomba bei ya kufunga ya siku nzima. Kikiandikwa vibaya, ukirudi kwenye historia ya Jumatatu saa nne asubuhi utakikuta tayari kinajua Jumatatu ilifunga wapi. Kwenye data za nyuma kitaonekana cha ajabu. Kwenye soko la moja kwa moja, ambako usiku haujafika, hakijui chochote.

Si kila kujichora upya ni kosa. Kiashiria cha ZigZag kinachokuja na MetaTrader, ambacho huunganisha vilele na mabonde ya bei kwa mstari, husogeza mguu wake wa mwisho mpaka kilele kithibitike, na hivyo ndivyo kilivyokusudiwa. Kazi ya mjaribu ni kutenganisha. Piga picha ya kioo kila mshumaa unapofunga, kwa mishumaa kama kumi mfululizo. Zima programu, iwashe, linganisha picha na chati. Ikiwa mishumaa iliyokwisha kufunga imebadilika, uliza swali la pili: je, msimbo wenyewe unaruhusu hivyo, au ni programu iliyobadilisha data chini yake? Ondoa kiashiria chako, weka wastani wa kawaida uliokuja na programu, rudia. Nao ukibadilika, umepata hitilafu ya kweli ya beta na watengenezaji watakushukuru.

Mara nyingi chanzo huwa intaneti kukatika. Umeme umekatika, modemu imezima, programu ikarudi hewani na kujaza mishumaa iliyokosekana. Programu inapaswa kukiambia kiashiria kwamba historia imebadilika na kihesabu upya. Isipokiambia, mstari wako utabaki na shimo au namba za zamani. Watengenezaji walio mahali penye umeme na intaneti imara hawalioni tatizo hili kwa urahisi. Sisi tunaliona kila wiki, na hapo ndipo ripoti kutoka Mwanza au Kisumu inaweza kuwa na thamani kuliko kumi za kwingine. Katisha intaneti kwa makusudi dakika ishirini, irudishe, andika kilichotokea.

Saa za seva

Mshumaa wa siku hufunga saa ngapi? Jibu linategemea seva. Madalali wengi wa forex huweka saa za seva zao mbele ya saa za dunia kwa saa mbili wakati wa baridi na tatu wakati wa kiangazi, ili siku ifunge pamoja na New York saa kumi na moja jioni ya huko na wiki iwe na mishumaa mitano kamili. Kwetu Afrika Mashariki, ambako saa hazibadilishwi kamwe, hiyo ni saa sita usiku katika miezi ya kiangazi ya Marekani na saa saba usiku katika miezi ya baridi. Dalali mwingine akifunga siku kwa saa za London, mishumaa yake ya siku itakuwa na bei tofauti, na kila kiashiria cha siku kitatofautiana.

Basi unapoandika ripoti, usiandike "saa tatu" peke yake. Msomaji aliye ng'ambo hatajua kama ni 9:00 au 3:00, asubuhi au usiku, kwa saa zako au za seva. Andika saa ya seva kama inavyoonekana kwenye chati, na ueleze kwamba ni ya seva. Wiki ambazo Marekani na Ulaya hubadilisha saa kwa tarehe tofauti, mwezi Machi na kati ya Oktoba na Novemba, ni wakati mzuri sana wa kuipima programu mpya.

Ripoti inayosaidia

"Kiashiria hakifanyi kazi kwenye beta yenu" ni ujumbe usiomsaidia mtu yeyote. Mtengenezaji anayeupokea hawezi kufanya chochote nao. Linganisha na huu:

"Toleo la beta, bildi namba hii, Windows 11. Chati ya EURUSD, dakika tano, akaunti ya demo. Nimeweka kiashiria nilichoambatanisha, chenye mistari 15 ya msimbo, kinachochora wastani wa bei 5 za kufunga. Nilikatisha intaneti saa 14:10 ya seva na kuirudisha 14:35. Nilitegemea mstari uendelee. Mishumaa mitano iliyojazwa haina thamani ya kiashiria. Nikibadili muda wa chati na kurudi, mstari unakamilika. Nimerudia mara tatu, matokeo ni yaleyale. Wastani uliokuja na programu hauna tatizo hili."

Angalia alichofanya mwandishi huyu. Hakupeleka kiashiria chake kikubwa chenye mistari elfu mbili. Alikipunguza mpaka kubaki na kipande kidogo kabisa ambacho bado kinaonyesha kosa. Kupunguza huko ndiyo sehemu ngumu na yenye faida kuliko zote, na mara nyingi mtu hugundua njiani kwamba kosa lilikuwa lake. Pia ametaja alichotegemea. Bila hilo, mtengenezaji anaweza kudhani kwamba anachokiona ndicho ulichokitaka.

Wapo wanaoamini kwamba asiyeandika programu hana nafasi hapa. Si kweli. Treda aliyekaa na chati miaka mitano huona kwa jicho mstari ulio mahali pasipo pake, jambo ambalo programa asiyefanya biashara hulipita. Wawili hao wakikaa pamoja, mmoja akasema "hapa si sawa" na mwingine akachimba kwa nini, ndipo beta hujaribiwa vizuri.

Simu, pesa na mafaili yasiyo na mwenyewe

Wengi wetu hufanya biashara kwa simu, na hapa kuna kikwazo ambacho mialiko haitaji. MetaTrader ya simu haiendeshi viashiria vya kujitengenezea. Ina vile vilivyokuja nayo tu. Kuvijaribu vyako unahitaji kompyuta, au kompyuta ya kukodi mtandaoni. Viashiria vya Pine Script vya TradingView huhesabiwa kwenye seva zao, kwa hiyo huonekana hata kwenye simu. Uliza hili kabla hujajiandikisha kwenye beta yoyote.

Beta isiendeshwe kwenye akaunti yenye pesa. Nalisema hili bila kulegeza. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya kwenye seva zake nane za kupeleka maagizo ya hisa, lakini moja ikabaki na msimbo wa zamani. Kwa dakika 45 hivi seva hiyo ilimwaga maagizo sokoni, na hasara ikapita dola milioni 460. Hiyo ilikuwa kampuni yenye wahandisi wake, na programu hata haikuwa beta. Weka toleo la beta kwenye folda yake, mbali na lile unalolitumia kila siku, na nakili viashiria vyako kando kabla ya kuanza. Kwenye MetaTrader 5 sasisho la beta hupatikana kwenye menyu ya msaada, na ni rahisi mtu kulibonyeza kwenye kompyuta ileile ambayo roboti yake inafanya kazi.

Na beta ya kweli haikudai uweke amana ili "uifungue". Mtengenezaji anahitaji ripoti zako, na demo inamtosha. Ukiambiwa utume dola mia ili uwe mjaribu wa kwanza wa kiashiria kisichoshindwa, hapo hakuna programu inayojaribiwa. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilipoweka masharti mwaka 2018, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida wanaofanya biashara ya mikataba ya tofauti za bei (CFD) hupoteza pesa. Hao walikuwa na programu zilizokamilika. Kenya ina kanuni za forex ya mtandaoni tangu 2017, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hutoa orodha ya walio na leseni. Kuiangalia ni dakika mbili.

Kuhusu mafaili yenyewe: kiashiria cha MetaTrader 5 chenye mwisho wa .mq5 ni msimbo unaosomeka, na mtu anayejua anaweza kukuambia kinafanya nini. Chenye .ex5 kimeshakompailiwa, hakisomeki. Kikikuomba uruhusu mafaili ya DLL, kinaomba kufikia kompyuta yako nje ya mipaka ya jukwaa. Kwa faili lililotoka kwenye grupu, ambalo hujui nani aliliandika, mimi ningekataa. Kwa ajili ya kujaribu beta hulihitaji hata kidogo. Wastani wa bei tano ulioandika mwenyewe unapima vizuri zaidi, kwa sababu unajua jibu lake kwa kalamu na karatasi.

Hifadhi kila ripoti uliyotuma pamoja na kiashiria chake kidogo. Bildi mpya ikitoka, anza kwa kuvirudisha vyote kimoja kimoja kabla ya kutafuta kasoro mpya. Marekebisho ya jambo moja huamsha hitilafu iliyokwisha kufungwa mwezi uliopita, na wewe uliyeiripoti ndiye unayejua mahali pa kuitafuta.